Mbona Vitabu Vyetu Havina Sura?

Swali lilitoka kwa binti wa kidato cha pili, Alhamisi moja ya masika, mvua ikiwa imewafungia ndani wanafunzi wengi kuliko viti tulivyo navyo. Nilikuwa nimewasha kompyuta ya pale dirishani ili niwaonyeshe ukurasa mpya wa maktaba: unaandika mada, vitabu vinajitokeza na majalada yake kana kwamba mtu amevipanga mezani. Riwaya za Kiingereza zilitoka na rangi zake zote. Kamusi zikatoka. Binti akaandika "ushairi", na kioo kikajaa visanduku vitupu, safu baada ya safu, kila kimoja na jina la kitabu chini yake, basi.

"Madam," akaniuliza, "mbona vitabu vyetu havina sura?"

Nilimjibu kwamba sura vinazo, ziko rafuni, aende akaone. Akaenda, akarudi na diwani mbili, akaketi sakafuni kusoma. Mimi nilibaki nikivitazama vile visanduku. Nilikuwa nimetumia miezi mitatu kuchagua zana za kutengenezea ukurasa ule. Nililinganisha hii na ile, nikajaza daftari zima, na katika daftari lote hilo swali lake sikuwa nimeliandika popote.

Nasimamia maktaba ndogo ya jamii hapa Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Wanaokuja ni wanafunzi wa sekondari, wastaafu wanaosoma magazeti ya asubuhi, wauguzi wanaojiendeleza, na akina mama wanaopita kutoka sokoni wakiwa na kikapu mkononi, wanaomba kitabu cha hadithi cha mtoto. Si kila anayenisoma hapa ni mkutubi, kwa hiyo nieleze kwanza kitu chenyewe.

Wenzetu wa kompyuta wanakiita mashapu, kutoka Kiingereza "mashup": ukurasa unaochota taarifa kwa wenyewe wawili au watatu, ukaziweka pamoja hadi zikazaa kitu ambacho hakuna hata mmoja wao alikuwa nacho peke yake. Neno lenyewe huko lilikotoka lina maana ya kupondaponda, na ukilitaja hapa uchagani mtu atafikiria kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage ya kupondwa. Kwa macho yangu ni makande zaidi. Mahindi yanabaki mahindi, maharage yanabaki maharage, na ukitaka kujua nani kaleta nini unaweza kuokota punje kwa punje.

Mfano maarufu ni wa mwaka 2005. Paul Rademacher, mtengenezaji wa programu wa Marekani, alichukua matangazo ya nyumba za kupanga kwenye tovuti ya Craigslist akayaweka juu ya Google Maps, ambayo ilikuwa na miezi michache tu tangu izinduliwe. Kila nyumba ikawa alama kwenye ramani. Aliuita ukurasa huo HousingMaps, na wakati anautengeneza Google hawakuwa bado wamefungua API, yaani mlango rasmi ambao programu moja hugonga kuomba taarifa kwa nyingine. Waliufungua Juni mwaka huohuo. Wakutubi walishtuka kwa furaha, na sishangai. Tangu miaka ya 1960, Henriette Avram alipoongoza kazi ya kutengeneza MARC kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, taarifa za vitabu zimekuwa zikiandikwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuzisoma na kuzihamisha. Mahindi na maharage tulikuwa nayo. Tulikosa sufuria.

Sufuria zikaja kwa fujo. Februari 2007 ilizinduliwa Yahoo Pipes, ambapo mtu asiyejua kuandika programu aliweza kuburuta visanduku kwenye kioo na kuviunganisha kwa mistari kama fundi bomba, taarifa zikatiririka kutoka kimoja hadi kingine. Microsoft wakaleta Popfly, Google wakaleta Mashup Editor. Popfly na Mashup Editor zilifungwa mwaka 2009. Yahoo Pipes ilisukuma hadi Septemba 2015, nayo ikafungwa. Goodreads, tovuti ya wasomaji, iliacha kutoa funguo mpya za API Desemba 2020. Mkutubi anayechagua zana leo anatembea juu ya makaburi haya, na ni vizuri akayajua kwa majina.

Ile iliyonifia mkononi mimi sitaitaja. Nilikuwa nimetoka chuo cha ukutubi Bagamoyo, nimepata kazi yangu ya kwanza kwenye maktaba ya ofisi moja Arusha, na nilitengeneza ukurasa uliokwangua vichwa vya habari za kahawa, mvua na bei za mazao kutoka tovuti mbalimbali ukavipanga kwa tarehe. Msomaji wake mwaminifu alikuwa mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, aliyekuja kila Jumanne kabla ya saa nne. Jumanne hiyo nilifika nikakuta ukurasa mweupe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gazeti langu la kompyuta liko wapi leo?"

Halikuwepo. Zana ilikuwa imefungwa, na kibaya zaidi, orodha ya vyanzo vyote nilivyoviteua kwa miaka miwili ilikuwa imeandikwa ndani ya zana hiyo peke yake. Sikuwa na nakala hata kwenye karatasi. Mzee alikaa dakika chache, akaniambia nisijali, akaondoka na gazeti la juzi. Lile tukio liliniuma, na mpaka leo kila mtu anapokuja na zana mpya, kabla sijaangalia inaweza kufanya nini, nauliza itaniachia nini siku ikifa. Kama siwezi kutoa taarifa zangu zote kwa faili la kawaida, ambalo naweza kulifungua kwa programu yoyote ya jedwali, siendelei kuuliza mengine.

Mdogo wangu anayefanya kazi za kompyuta Arusha huwa ananicheka kwa hili. Alikuja na basi la asubuhi kunisaidia, akafungua laptopu yake, akanionyesha zana nzuri kweli, inayounganisha katalogi, picha na ramani kwa mibofyo michache.

"Dada, hii ni ya bure," akaniambia.

"Bure hadi lini?"

Alinyamaza, akaanza kusoma masharti. Hapo ndipo tulipoanza kufanya kazi ya kweli. Kwa mfano Google Maps: ramani nzuri, wengi wameizoea, lakini tangu 2018 anayetaka kuiweka kwenye tovuti yake kwa njia ya API anatakiwa kufungua akaunti ya malipo, hata kama matumizi yake ni madogo na hatatozwa. Maktaba yetu haina kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, na hata ingekuwa nayo nisingeiacha wazi kwa huduma ambayo gharama yake inapanda kadiri watu wanavyofungua ukurasa. Kwa ramani tulichukua OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kawaida. Tanzania tunaijua vizuri kupitia Ramani Huria, mradi uliochora mitaa ya Dar es Salaam kwa ajili ya kukabili mafuriko. Tuliweka juu yake alama za shule za Kibosho, Uru na Old Moshi tunakopeleka masanduku ya vitabu. Ilichukua mchana mmoja. Njia moja ya Uru ilikosekana kwenye ramani, tukaichora wenyewe, na siku chache baadaye nilimwona dereva wa bodaboda akiifuata kwenye simu yake. Kuhusu ramani sina la zaidi.

Majalada ndiyo yaliyonikosesha usingizi.

Baada ya lile swali niliamua kupima upya, safari hii nikianzia rafuni. Niliteua vitabu 50 kwa mkono: kumi vya kiada, kumi riwaya za Kiingereza, kumi vya Kiswahili vya miaka ya karibuni, kumi vya Kiswahili vya miaka ya 1960 na 1970, na kumi ambavyo ni vijitabu na ripoti za hapahapa Kilimanjaro. Kila zana ilipewa vitabu hivyohivyo, kwenye simu ya bei rahisi, kwa bando letu la kila siku, saa ambayo maktaba imejaa.

Karibu zana zote za kuunganisha taarifa za vitabu zimesimama juu ya mguu mmoja, ISBN, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Ukurasa wako unatuma namba kwenye hazina fulani, hazina inarudisha jalada, muhtasari, mada. Kama kitabu hakina namba, hakuna cha kutuma. Na ISBN ilikuja kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1970. Kitabu kilichochapwa Nairobi au Dar es Salaam mwaka 1962 hakina, na vijitabu vingi vya ushirika, vya parokia na vya shule havikupewa hata baada ya hapo. Vilivyobahatika miaka hiyo vilipata namba ya tarakimu 10. Tangu Januari 2007 ni 13, na kuhama kutoka ile kwenda hii si kubandika 978 mbele tu. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, hivyo lazima ipigiwe hesabu upya. Katika zile za zamani inaweza hata kuwa herufi X, ikisimama badala ya kumi. Kwenye orodha yetu wenyewe nilikuta X kadhaa zimefutwa na mtu aliyedhani ni kosa la chapa, na kila X iliyofutwa ni kitabu ambacho hakuna zana duniani ingeweza kukipata. Ukichambua rafu zako utazizoea haraka namba za nchi, zilizo mwanzoni mwa ISBN au baada ya 978: 9976 na 9987 ni za Tanzania, 9966 ni ya Kenya.

Nilisafisha namba za vile vilivyokuwa nazo, usiku, kwa jedwali. Kisha nikajaribu hazina moja baada ya nyingine. Riwaya za Kiingereza zilipatikana karibu zote kila mahali. Vya kiada, kiasi. Vya Kiswahili vya karibuni, kimoja hapa kimoja pale. Vile vya zamani na vijitabu vya Kilimanjaro, karibu patupu, kwenye hazina zote nilizozigusa. Sababu yake si chuki ya mtu. Hazina hizi hujazwa na wachapishaji wanaotuma taarifa kwa mashine, na maduka makubwa ya vitabu ya mtandaoni, na wasomaji wenye muda na bando. Vitabu vyetu vimeuzwa stendi, kwenye maduka ya vifaa vya shule, nje ya kanisa baada ya ibada, vikapita mikono mingi na kuchakaa bila kupita kwenye ghala hata moja linaloandika taarifa zake mtandaoni. Zana inaweza kuwa imeundwa kwa ustadi mkubwa na bado ikatuletea visanduku vitupu, kwa sababu haiwezi kuchota kisimani ambako hakuna aliyemimina maji.

Visanduku vyenyewe nilikuja kuvielewa baadaye, na kosa lilikuwa langu. Open Library, hazina ya majalada na taarifa za vitabu inayoendeshwa na Internet Archive, inaeleza wazi kwamba jalada lisipokuwepo hutuma picha tupu. Ukiongeza maneno ?default=false mwishoni mwa anwani ya picha, seva inakujibu kwamba haina, na ukurasa wako unaweza kujipanga: ukaonyesha jalada lingine, au angalau rangi na jina la mwandishi kwa herufi kubwa. Mimi sikuwa nimesoma hadi hapo. Sikuwa nimesoma pia kwamba ukiomba majalada kwa kutumia ISBN unaruhusiwa maombi 100 kwa kila dakika 5 kutoka anwani moja ya mtandao. Sasa kompyuta zetu zote na simu za wanafunzi wote hutoka nje kupitia ruta moja, kwa hiyo kwa seva iliyo mbali sisi sote ni mtu mmoja. Ukurasa wetu ulionyesha vitabu 20 kwa mara moja. Wanafunzi watano wakitafuta kwa pamoja, fungu la dakika tano limekwisha, na wa sita atadhani maktaba haina majalada kabisa. Hakuna ubaya katika kikomo hicho, huduma ni ya hisani na ina watu wengi wa kuhudumia. Lakini ni jambo la kulijua kabla ya kujenga, na hutalijua ukipima zana ukiwa peke yako ofisini usiku.

Kuna jambo lingine ambalo sikuliona kwenye ulinganisho wowote niliousoma, na mimi naliona zito kuliko majalada. Ukurasa unapoomba jalada moja kwa moja kutoka seva ya nje, anayeomba si maktaba bali ni kompyuta au simu ya msomaji. Seva hiyo inaona anwani yake ya mtandao, saa, na namba ya kitabu. Mtu akija kwangu kimya kimya akatafuta vitabu vya kuishi na VVU, au vya talaka, au vya ugonjwa alioambiwa jana hospitali ya KCMC, mimi mkutubi nimefundishwa kwamba hiyo ni siri yake na yangu. Kwenye daftari la kuazima jina lake halionyeshwi kwa mtu. Halafu natengeneza ukurasa unaomtangaza kwa mashine tatu nchi nyingine, kwa sababu tu nataka picha za rangi? Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo ningekuwa na wajibu huohuo. Niliamua hivi: picha yoyote ya nje inachukuliwa mara moja na seva yetu, inahifadhiwa, na msomaji anapewa na sisi. Kwa uamuzi huo mmoja kikomo cha maombi hakikutusumbua tena, bando likapumua, na ukurasa ukaanza kufunguka hata intaneti ikikatika, maadamu umeme upo.

Zana nyingi za kuburuta na kubofya zilianguka papo hapo, maana haziruhusu kuhifadhi kitu kwako. Kila kitu ni lazima kipite kwao kila mara. Mdogo wangu alisikitika, alikuwa ameipenda ile yake. Tulibaki na Koha, programu huria ya maktaba tuliyokuwa nayo tayari, ambayo ilianza kazi kwenye maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand, Januari 2000. Jina lake ni neno la Kimaori, maana yake zawadi. Koha inaweza kuchota majalada nje, na inaweza pia kupokea majalada yako mwenyewe: unaweka picha kwenye faili moja la zip pamoja na orodha fupi ya maandishi inayosema picha ipi ni ya kitabu kipi, unapakia, yanakaa kwenye seva yako.

Kwa hiyo tukaamua kupiga picha.

Tunafanya Jumamosi. Meza iko chini ya dirisha la mashariki, ambako mwanga wa asubuhi unaingia laini kabla jua halijawa kali, juu yake karatasi nyeupe ya manila. Yule binti wa swali alikuja Jumamosi ya kwanza na wenzake wawili. Mmoja anatoa kitabu rafuni na kupangusa, mmoja anapiga picha kwa simu, mmoja anaandika namba. Namba tunayotumia si ISBN, ni namba yetu ya kusajilia kitabu, ile iliyopigwa muhuri ukurasa wa ndani siku kilipoingia maktaba. Kila kitabu kinayo, kiwe cha London au cha Kiborloni. Nilijilaumu kidogo kwamba nilikuwa nimeisahau namba hiyo miaka yote nikihangaika na za watu. Picha tunazoweka ni ndogo, za kumtambulisha msomaji kitabu, kwa sababu mchoraji wa jalada na mchapishaji nao wana haki yao.

Na kisimani tunamimina. Open Library inamruhusu mtu yeyote mwenye akaunti ya bure kuongeza kitabu, hata kisicho na ISBN. Tukimaliza rafu, naingiza taarifa: jina kama lilivyoandikwa, mwandishi, mchapishaji, mji, mwaka, kurasa. Kazi hiyo inachosha, nakiri. Jina la mwandishi mmoja wa Kiswahili unaweza kulikuta limeandikwa kwa namna nne, na inabidi uamue, halafu uamuzi wako utafuatwa na mkutubi wa Lamu au Kigoma ambaye hamtaonana kamwe. Ndiyo maana nafanya taratibu. Nikiwa na shaka kama mwaka ni wa chapa ya kwanza au ya tatu, naacha nafasi wazi.

Jumamosi iliyopita tulifikia boksi ambalo familia moja ya Kibosho ilituletea baada ya msiba wa babu yao. Ndani kuna vijitabu vya kilimo cha kahawa, kanuni za vyama vya msingi, taarifa za mikutano, vingine vinavyoonekana kuwa vya miaka ambayo KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro kilichoanzishwa 1933, ilikuwa bado inajulikana kijiji kwa kijiji kama mlipaji wa ada za shule za watoto wetu. Binti alichomoa cha juu kabisa, akapuliza vumbi, akakilaza kwenye manila. Kina mchoro wa mti wa kahawa kwa wino wa kijani, kona moja imeliwa na mende.

"Madam, hiki hakina mwandishi. Hakina mwaka. Niandike nini?"

"Andika namba yetu," nikamwambia, "halafu piga picha."